Neno Tasa na Maji ya Shangazi Wakio

Voi,
3 Machi 2025

Kwako shangazi Wakio,

Kwawuka mana? Najua barua hii itakufikia jioni, maana Ndambuki haling'oi gari lake la Rukanga mpaka lijae, lakini salamu ya asubuhi ndiyo uliyonifunza kwanza na mpaka leo ndiyo inayonitoka. Baba hajambo, anagombana na redio kama kawaida. Mulinge wangu hajambo, lile duka lake la mabati na misumari linammaliza.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu haitusaidii tena. Mara ya mwisho nilikuuliza macho yako yanaendeleaje, ukanijibu kwa sauti kubwa, "Ndiyo, mbuzi amezaa!" Basi masikio yakae kando, turudi kwenye kalamu.

Unakumbuka nilikwambia nimepewa kipindi pale redioni? Kinaitwa Neno Moja, kila Jumamosi asubuhi. Nalichukua neno moja na kulifuata nyumba kwa nyumba, lugha kwa lugha, nione limezaliwa wapi na limelala wapi. La Jumamosi ya wiki ijayo nimechukua tasa.

Weh, shangazi, neno hili limetembea! Kamusi inasema tasa ni mwanamke au mnyama asiyezaa. Sawa, hilo kila mtu analijua. Lakini jirani yangu Bi. Swafiya, wa kutoka Lamu, aliposikia ninalolitafuta aliingia chumbani akanitolea bakuli la shaba la mama yake. "Hii ndiyo tasa," akaniambia, "na ukiitia unga nitakufukuza." Anasema Waarabu wana neno hilo hilo kwa bakuli la kunywea. Nikamuuliza Hillary, anayeendesha watalii Tsavo. Akasema Wafaransa wake wakitaka kikombe cha kahawa wanaomba "tas", na Wajerumani wanaomba "tase". Eti wote waliliokota kwa Waarabu! Fikiria, Mzungu ananywa kahawa ndani ya bakuli la Bi. Swafiya na hana habari.

Haya, Abby anayeleta vitenge kutoka Taveta ana mtoto anayesoma ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Huko hesabu wanasoma kwa Kiswahili, na wana kitu kinaitwa namba tasa. Tatu, tano, saba: namba ambazo huwezi kuzigawa zikagawanyika sawasawa. Na mama wa viazi pale sokoni, Mkikuyu, akaniambia kwao asiyezaa ni "thaata". Angalia lilivyofanana na letu! Kama ni ndugu au wamekutana tu njiani, sijui, lakini sijalala vizuri kwa kulifikiria.

Limebaki la kwetu Taita. Kidawida tunasema kutasa. Nilikuwa nikikuona nikiwa mdogo kule Werugha, mashavu yamejaa maji, nikidhani unacheza nami. Niambie ni nini hasa, niseme redioni bila kuaibika.

Na dogo la mwisho. Wewe ndiwe uliyenilea mama alipofariki, na tangu harusi yangu hujakanyaga nyumba yangu. Ni miaka sita sasa. Kile chumba chako Mulinge amekigeuza ghala la rangi kwa kuwa hakina mwenyewe. Njoo umfukuze.

Mwanao,
Elsie Wakesho


Rukanga, Kasigau,
11 Machi 2025

Mwanangu Wakesho,

Barua imefika na alama za vidole vya Ndambuki, grisi tupu. Mimi ni mzima ila masikio, na hayo siyalilii, yamenipunguzia umbea mwingi. Ndovu wamerudi kwenye ndengu. Kwa vile siwasikii, jirani yangu Valentine amenifunga kamba mguuni usiku, na wakija anaivuta kutoka kibandani kwake. Juzi aliivuta nikaanguka kutoka kitandani. Kumbe alikuwa amejigeuza usingizini. Tumecheka mpaka kukakucha.

Hiyo namba imenifurahisha. Kwa hivyo kitu kikikataa kukatwa vipande kinaitwa tasa? Mimi naona ndicho chenye heshima. Mwambie Abby nimesema hivyo.

Sasa kutasa. Kwetu, mtu mzima akiwa na kinyongo na wa damu yake, kinyongo hicho hakikai kimya. Kinaweza kumfuata yule mwingine kikamharibia mambo, hata kama mwenye nacho hataki. Kwa hivyo hukitoa. Kwanza unakisema, hata kiwe kidogo na cha aibu. Kisha unapiga funda la maji. Zamani ilikuwa pombe ya miwa, lakini sisi wa kanisa maji yanatosha. Unayapuliza nje kama umande, uelekeo wa yule mtu au juu yake. Baada ya hapo ndipo unamtakia mema, na yanashika kwa sababu ndani hamna kitu tena. Bibi yetu alikuwa na sharti moja tu: usimeze. Ukimeza, kile ulichokisema kimerudi ndani na mlango umefungwa.

Waambie hivyo redioni. Usiongeze chumvi.

Haya, na mimi nikuulize. Kiswahili kina maneno chungu nzima. Ungechukua meza, ungechukua shati. Umechukua tasa. Nani amekuita hivyo? Usinizungushe, nilikuosha masikio mimi.

Kuja siwezi, shamba haliachiki. Usiniulize tena jambo hilo.

Shangazi yako,
Wakio


Voi,
19 Machi 2025

Shangazi,

Umenikamata, haya basi.

Ni mama mkwe, Mama Mukonyo. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Alikuja kututembelea kutoka Kibwezi, na asubuhi nilimkuta sebuleni amepiga magoti akiomba kwa sauti: "Mungu, mwangalie huyu tasa wa mwanangu." Alikuwa analia kabisa. Nilirudi jikoni, nikazima chai, nikakaa. Nikajiambia, kama ni neno, acha nilifungue nione ndani yake kuna nini. Labda nikilijua limetoka wapi halitaniuma sana. Nimejifunza mengi, shangazi, na bado linauma.

Kipindi kilikwenda vizuri. Mzee mmoja wa Sagalla alipiga simu akasema kwao kutasa ni karibu sawa na kwetu, akatusalimia wote. Fundi wa sauti hakurudi kazini mpaka nimweleze tena ile habari ya Wafaransa. Ila Mulinge ananiambia nilipofika kwenye maji na kinyongo, baba alizima redio. Akakaa. Kisha akaiwasha tena, akaisogeza karibu na sikio. Jioni nilipomuuliza alisema mzee wa kanisa hana haja na mambo ya kale. Halafu akauliza, bila kunitazama, kama ni wewe uliyeniandikia.

Kuna jambo lingine. Daktari ameona uvimbe kwenye kizazi changu, mkubwa. Nitapasuliwa tarehe kumi na nne Aprili, Jumatatu. Ameniambia nijiandae, maana akishafungua huenda akalazimika kukitoa kizazi chote. Naogopa, shangazi. Mchana nafanya mzaha na kila mtu, usiku namshika Mulinge mkono mpaka unakufa ganzi.

Nakuomba uje kabla ya siku hiyo. Kama una kinyongo na mimi, njoo ukitoe, nitasimama hapo nilowe. Kama huna, njoo tu.

Elsie


Voi,
2 Aprili 2025

Shangazi,

Ndambuki anaapa alikupa barua mkononi. Anasema uliisoma ukiwa umesimama, ukaikunja, ukaingia ndani bila kumwambia hata asante, na hiyo si tabia yako. Nimekukosea nini? Niandikie hata mstari mmoja, hata uwe wa kunigombeza.

Elsie


Rukanga,
6 Aprili 2025

Wakesho mwanangu,

Hujanikosea chochote. Nimeshindwa kuandika kwa sababu kila nikianza naona aibu. Leo nimekunywa uji kwanza, sasa nasema.

Siku ya harusi yako nilileta kibuyu kidogo cha maji chini ya leso. Nilikuwa na kinyongo, ndiyo. Kidogo, cha kijinga. Nilikasirika kwamba unaondoka ukiwa bado wangu. Nilikulea, nikakusuka, halafu mtu wa Kibwezi anakuja na gari lenye maua anakuchukua. Nikasema moyoni, hiki siwezi kumpa mtoto aondoke nacho. Nikakisemea kwenye kibuyu pale pembeni ya hema, nikapiga funda, nikaja mbele yako. Unakumbuka?

Baba yako alikuwa na kipaza sauti. Alisema, "Dada, hapa tumekwisha omba. Mambo hayo tuyaache milimani." Wakwe wote walinigeukia. Kinywa kimejaa, Wakesho. Kukupulizia nimekatazwa mbele ya watu. Kutema chini ningewatukana wageni. Nikameza.

Mlidhani nimekasirika nikaondoka. Sikukasirika, niliogopa. Nilingoja nisikie una mimba. Mwaka ukapita, mwingine ukapita, na kila Ndambuki akishuka na habari za Voi nilikuwa naangalia uso wake kabla hajafungua mdomo. Nikajua ni yale maji. Nilikufungia mimi. Sasa ningekujaje kulala kwako na kula chakula chako? Na wewe unaniuliza maana ya kutasa! Nilidhani umejua, unanichimba.

Kasisi wetu hapa anasema Mungu hafungwi na funda la maji. Namwamini asubuhi. Jioni simwamini.

Mvua imekata barabara, korongo limejaa, gari la Ndambuki limekwama upande wenu. Barua hii itavushwa na kijana wa bodaboda anayejua pa kupita. Mimi sivuki. Na hata pangekauka, sijui kama ningethubutu.

Shangazi yako


Voi,
9 Aprili 2025

Dada Wakio,

Bwana asifiwe.

Elsie amenisomea barua yako. Alianza vizuri, akashindwa, nikamalizia mwenyewe kwa miwani yake.

Nataka ujue jambo moja. Sikuwa najua maji yalikuwa tayari kinywani. Nilikuona na kibuyu nikadhani bado, nikajiambia nikuwahi. Wakati wote huu nimekuwa nikisema wewe ni mwenye kiburi, umemsusa mtoto kwa sababu ya neno dogo. Nimelisema hata kwenye kamati ya kanisa. Nitalirekebisha huko huko.

Elsie anaingia hospitali Jumatatu. Amesema hatakwenda na hofu hii, na wewe huwezi kuvuka. Nimebaki mimi. Lakini mimi sijui, dada. Baba yetu alipokuwa akikusanya watu uani kutasa, nilikuwa shule ya bweni ya misheni, na nilipokuwa narudi likizo nilijifanya siyaoni. Wewe ulikaa, wewe ndiye unayeyajua. Kwa hivyo nakuomba uniandikie maneno yanayosemwa, kwa mpangilio wake, kabla ya Jumapili. Nitayasoma vizuri.

Ndugu yako,
Mwandawiro


Rukanga,
11 Aprili 2025

Mwandawiro mdogo wangu,

Maneno unayoyataka hayapo. Huko bwenini walikufunza kukariri, lakini hili halikaririwi. Chukua maji. Tafuta ndani kile ambacho usingependa mtu akijue, ukiseme mbele ya mtoto. Piga funda, puliza. Halafu mwombee unavyojua, hapo wewe ni hodari kuliko mimi. Usikohoe katikati. Ukiona kicheko kinakujia, fikiria mkutano wa kamati.

Kwa chombo, mwombe yule Bi. Swafiya hiyo tasa yake. Neno limekuja kwa miguu kutoka Uarabuni mpaka mlangoni kwenu, si vizuri kulirudisha bila kazi.

Na hii ni ya Wakesho. Valentine ameketi hapa ananitazama. Nimekisema tena kile kinyongo, chote, na ile hofu iliyokizaa baadaye nimeisema pia. Mwenyewe sijajisikia, lakini Valentine anasema nimesema kwa sauti mpaka kuku wakakimbia. Sasa nimepiga funda. Naandika mstari huu na mashavu yamejaa, kwa hiyo mwandiko usiucheke.

Wino ukitambaa, msidhani ni mvua.

Wakio


Voi,
24 Aprili 2025

Shangazi yangu,

Naandika nikiwa nimeegemea mito mitatu, na nimekatazwa kucheka, kwa hiyo nitajaribu kusimulia taratibu.

Barua yako ilifika Jumapili ya Mitende. Wino ulikuwa umetambaa ukurasa mzima, jina lako limekuwa wingu la bluu. Niliiweka kifuani kabla sijaisoma. Baba alirudi kanisani na tawi lake la mnazi, hata hakuvua koti. Akavuka kwa Bi. Swafiya na kurudi na ile tasa ya shaba imejaa maji, Bi. Swafiya nyuma yake kuhakikisha haigongwi. Tukasimama uani, kati ya tangi na kamba ya nguo. Mulinge, mama mkwe aliyekuja kuniuguza, wote.

Baba alinigeukia, tasa mikononi. Kisha akasema, na namwandika alivyosema: "Nilimwonea dada yangu wivu. Siku ile binti yangu alipofika mbele, alimtafuta shangazi yake kwa macho kabla ya kunitazama mimi. Kwa hiyo nilimnyamazisha." Shangazi, baba yangu! Akapiga funda. Nusu ilinifikia usoni, nusu ikamshuka kwenye tai. Halafu akaomba, na unajua anavyoomba, nyama ya mchana ikaungua.

Alipomaliza, mama mkwe akaomba ile tasa. Alisema kwa Kikamba, sikuelewa yote, lakini Mulinge aligeuka akatazama ukuta. Mwisho akaniambia kwa Kiswahili, "Neno lile sitalisema tena." Na akanilowesha kuliko baba. Kwao nao, anasema, wazee hubariki kwa mate, kwa hiyo hakuona jipya hata kidogo.

Sasa lile uliloogopa kuuliza. Wamekitoa kizazi, shangazi. Haikuwezekana kukiokoa. Nililia mpaka muuguzi akaniletea taulo badala ya kitambaa. Bado nalia nikisikia watoto wa jirani wakioga. Sitakudanganya kwamba nimezoea.

Lakini nilimuuliza daktari, na kesho yake nikamuuliza tena kana kwamba sijauliza: uvimbe huu ulianza lini? Amesema ni wa miaka mingi, kwa ukubwa ule ulikuwepo kabla sijaolewa. Kabla ya hema, kabla ya kibuyu. Tayari ulikuwa ndani wewe ulipokuwa bado unanichana nywele. Soma mstari huu mara nyingi utakavyo, na uusome jioni, wakati humwamini kasisi.

Nimelala hapa nikiwaza lile neno. Nimezunguka nalo kote, kwa Waarabu, kwa Wafaransa, sokoni, Sagalla. Bakuli nimelipenda, la kwetu nimelipenda zaidi. Ila inayonirudia kichwani ni ile namba ya Abby, kwa sababu ulisema ina heshima. Haigawanyiki. Najiona hivyo siku nyingine, si kila siku.

Redioni wananiuliza neno la wiki ijayo. Sina neno. Ninakutaka wewe. Mulinge amehamisha rangi na misumari, chumba kinanuka tapentaini lakini kitanda kimetandikwa. Baba anapita mlangoni pake akijifanya anatafuta kofia.

Mwanao,
Elsie


Voi, mlangoni kwako,
3 Mei 2025

Wakesho,

Korongo limekauka. Ndambuki amenishusha hapa nje akaenda kutafuta mafuta.

Nimebisha hodi, nikabisha tena. Huenda mmesema karibu, huenda mnaita jina langu sasa hivi, mimi sisikii. Ndiyo maana napitisha karatasi hii chini ya mlango. Nina maji ya Rukanga kwenye chupa ya soda, na njia nzima nilikuwa na kiu, lakini sikuyagusa.

Fungua.

Wakio